Shiva na Sabato: matanga ya Kiyahudi siku ya Jumamosi

Shiva ni matanga ya siku 7 ambayo Wayahudi huyakaa baada ya kumzika mzazi, mume au mke, mtoto, kaka au dada. Wafiwa hushinda nyumbani wakiketi kwenye viti vifupi, bila viatu vya ngozi, wamevaa nguo iliyochanwa kifuani wakati wa mazishi, huku majirani wakiwaletea chakula na kuwapa pole. Siku ya mazishi ndiyo ya kwanza, hata kama kaburi limefukiwa jua likikaribia kuzama.

Kwa kuwa hakuna siku 7 mfululizo zisizo na Jumamosi, kila shiva lazima ikutane na Sabato, ambayo huingia Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi usiku. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200, inaamua kwamba Sabato huhesabiwa miongoni mwa siku hizo na haiyakatizi matanga. Sikukuu kama Pasaka ina nguvu zaidi: ikiingia, shiva iliyokwisha kuanza huishia hapo, na siku zilizobaki hazilipwi.

Hata hivyo, Sabato ni siku ya kufurahiwa, kwa hiyo maombolezo ya hadharani husimama. Ijumaa alasiri mfiwa huinuka, huvua nguo iliyochanwa, huvaa viatu vyake na kwenda sinagogi. Katika jumuiya nyingi za Ashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, husubiri nje mpaka wimbo wa kuikaribisha Sabato, Lekha Dodi, umalizike. Akiingia, waumini humgeukia na kumwombea faraja pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu.

Asiyeijua sheria hii angeweza kudhani kwamba msiba umesahauliwa, ilhali umehamia tu mahali pasipoonekana: mfiwa bado hajumuiki kimwili na mwenzi wake, wala haogi kwa ajili ya kujistarehesha. Kadishi nayo huendelea kusomwa, maana ni sala ya kumtukuza Mungu ambayo haitaji kifo hata kidogo.

Sabato ikitoka, mfiwa hurudi kwenye kiti chake kifupi. Aliyezika Jumapili hana haja ya kurudi, kwa sababu siku yake ya 7 ni hiyo Jumamosi, na kwa kuwa sehemu ya siku ya mwisho huhesabiwa kama siku nzima, shiva yake humalizika asubuhi baada ya sala.