Rais Akishamteua DPP, Mjadala Umefungwa?

“Rais akishataja jina, hakuna wa kupinga.”
Waliofuatilia siasa za Kenya mapema 2011 wanajua sivyo. Tarehe 28 Januari, Rais Mwai Kibaki alitaja majina manne: la Jaji Mkuu, la Mwanasheria Mkuu, la Msimamizi wa Bajeti na la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP). Kiti hicho cha mwisho kingekaliwa na wakili Kioko Kilukumi. Wote wanne wanaume. Waziri Mkuu Raila Odinga akalalamika kwamba hawakuafikiana, na mashirika ya kutetea wanawake yakaenda Mahakama Kuu. Wiki haijapita, Jaji Daniel Musinga akaamua kwamba kuendelea na majina hayo ni kukiuka Katiba. Spika Kenneth Marende naye akayakataa, na kabla Februari haijaisha Kibaki akayaondoa. Katiba yenyewe ilikuwa bado mbichi, ina miezi mitano tu.

“Kortini anaenda aliyenyimwa cheo.”
Kifungu cha 258 cha Katiba ya Kenya kinamruhusu mtu yeyote kushtaki akiona Katiba imevunjwa au iko hatarini kuvunjwa. Hata muuza mitumba wa Gikomba.

“Uteuzi ukifutwa, basi mteuliwa ameonekana hafai.”
Hapa wengi huteleza, wanahabari wakiwemo. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilibatilisha uteuzi wa Menzi Simelane, aliyepewa uongozi wa mashtaka na Rais Jacob Zuma. Majaji hawakusema Simelane ni mtu mbaya. Walisema Rais alipuuza dosari zilizotajwa kuhusu ushahidi wake mbele ya tume ya uchunguzi, na kumteua mtu bila kuzipima si kutumia akili. Kilichohukumiwa ni njia iliyotumika. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Shaun Abrahams, na kosa halikuwa lake kabisa: mtangulizi wake, Mxolisi Nxasana, aliondoka kwa mapatano yaliyomlipa randi milioni 17.3. Mahakama ikaona mapatano hayo ni batili, hivyo kiti alichopewa Abrahams hakikuwa kimeachwa wazi kihalali.

“Basi kesi zote alizofungua zinaanguka.”
Si lazima. Kwa Simelane na kwa Abrahams, mahakama iliagiza kwamba maamuzi yao hayafi kwa sababu tu uteuzi ulikuwa batili. Vinginevyo watuhumiwa wangefungua shampeni. Lakini Marekani, Novemba 2025, Jaji Cameron Currie alifuta mashtaka dhidi ya James Comey, mkurugenzi wa zamani wa FBI, na Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York. Lindsey Halligan, mwendesha mashtaka wa serikali aliyeteuliwa kinyume cha sheria, ndiye peke yake aliyeyapeleka mbele ya jopo la raia linaloidhinisha mashtaka. Hapakuwa na mwendesha mashtaka mwingine halali wa kuyashikilia.