Ebola ya Beni na Butembo: dhana potofu za sisi tunaopeleka elimu kwa wananchi

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini, mkoa wenye miji ya Beni na Butembo, ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kituo cha basi na ya mimbari. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu karibu 3,500 walikuwa wameugua na karibu 2,300 wamefariki, ingawa safari hii chanjo ilikuwepo. Makala nyingi zimeorodhesha uvumi wa wananchi wa kule: Ebola ni uongo, Ebola ni biashara, Ebola ni siasa. Dhana potofu za upande wa pili, wa wataalamu na waelimishaji, hazisemwi sana, na naamini nazo ziligharimu maisha.

Dhana: Watu hukataa ushauri wa kitaalamu kwa sababu hawajaelimika.

Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao walisema hakuna Ebola. Ukiishia hapo utaagiza mabango zaidi. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba ni theluthi tu, hata haifiki, waliokuwa na imani na viongozi wa eneo lao kwamba wanawatetea, na kwamba asiye na imani ndiye aliyekuwa mgumu kukubali chanjo au kwenda hospitali.

Imani hiyo ilikuwa imevunjika kwa sababu zinazoeleweka. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vilikuwa vikishambuliwa, watu wakichinjwa usiku kwa mapanga, na msaada haukuonekana. Ikaja Ebola, na msururu wa magari mapya ukaja nayo. Mtu aliyezika ndugu zake watatu bila kutembelewa na yeyote ana haki ya kuuliza: kwa nini leo? Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, wakati nchi nzima inapiga kura tarehe 30 na rais ataapishwa Januari. Kwa maneno mengine, kura zao hazikuhesabiwa katika kumchagua rais. Siku iliyofuata tangazo hilo waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha kuwapokea walioshukiwa kuwa na Ebola. Mhubiri gani wa sayansi angetuliza mioyo ile kwa mchoro wa kirusi?

Tena kulikuwa na surua. Katika mlipuko ulioanza 2019, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto. Mama aliyesema hatari kubwa nyumbani kwake si Ebola alikuwa anajua hesabu yake.

Dhana: Ukimtisha mtu atachukua hadhari.

Afrika Magharibi mwaka 2014 ujumbe wa mwanzo ulikuwa kwamba Ebola inaua na haina dawa. Yalikuwa maneno ya kweli kwa wakati ule, kwa maana hakukuwa na dawa iliyothibitishwa. Sasa jiweke katika nafasi ya baba mwenye mtoto anayetapika. Ameambiwa hakuna dawa, na ameona walioingia kituoni wakirudi maiti. Kwa nini ampeleke? Wengi waliwauguza wapendwa wao nyumbani, kwa mikono mitupu, wakaambukizwa. Habari ambayo haikupewa uzito ni kwamba mgonjwa anayewahi kupata maji na chumvi za mwili, kwa kinywa au kwa dripu, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Kongo ilileta habari bora zaidi. Jaribio la dawa nne lililoanza Novemba 2018 lilisimamishwa mapema Agosti 2019 kwa sababu dawa mbili za kingamwili (protini za kinga zinazopambana na virusi) zilionekana wazi kuzishinda nyingine. Moja ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona mlipuko wa mji wa Kikwit, hukohuko Kongo, wa 1995. Waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini na kupewa mojawapo ya dawa hizo mbili, takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyefariki. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo aliyekuwa katika kijiji cha Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huu ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza, akasema tangu sasa haifai kuuita usiotibika. Hiyo ndiyo sentensi inayomtoa mgonjwa nyumbani.

Dhana: Kuelimisha ni kuzungumza.

Uvumi kwamba maiti zinatolewa viungo haukuzimwa kwa hotuba. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiandika yale watu wanayosema mitaani, na malalamiko juu ya mifuko ya maziko yalijirudia, hadi ikaletwa mifuko inayoonyesha ndani ili familia imwone maiti wao kabla ya kuzika. Shirika la misaada ya tiba la ALIMA nalo lilitumia Beni vyumba vya plastiki angavu, ambamo mgonjwa huonekana na jamaa zake walio nje na kuongea nao. Ukuta unaoficha ndio uliozaa maneno, na ukuta ukaondolewa. Vilevile waliopona, wakiwa na kinga tayari, waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mtu aliyepona akirudi mtaani na kusimulia alivyotibiwa, sijui mtaalamu gani anaweza kushindana naye.

Dhana: Mwananchi wa kawaida anataka ujumbe mfupi, na Kiswahili ni kimoja.

Uchunguzi uliofanywa Goma mwaka 2019 ulikuta kinyume. Watu walikuwa wamechoka na "nawa mikono". Walitaka kujua chanjo inafanyaje kazi, kwa nini apewe jirani wa mgonjwa na si mtaa mzima, kwa nini aliyechanjwa bado anaweza kuugua. Maelezo hayo yalikuwepo, ila kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu tunachokizoea sisi wa Dar es Salaam na Zanzibar, ambacho bibi wa Butembo anayeongea Kinande nyumbani na Kiswahili cha Kongo sokoni hukipata nusunusu. Redio inaweza kumsomea bibi huyo kwa lugha yake. Bango nalo, kabla halijachapishwa, lipelekwe sokoni likasomwe kwa sauti, kisha wasikilizaji waulizwe wameelewa nini, na majibu yao ndiyo yaamue kama liende kiwandani au lirudi mezani.