Nyama ya ng'ombe wa malishoni haitaki haraka ya friza

Siku ya pili ya Idi Kubwa shangazi yangu alinipigia simu kabla ya adhuhuri. "Mwanangu, nyama iko jikoni tangu saa mbili asubuhi na bado inagoma. Huyu ng'ombe alikuwa mzee, eh?"

Nikamuuliza, "Shangazi, walipokuletea fungu lako jana, uliliweka wapi?"

"Kwenye friza, palepale, lingali na joto. Nililikata vipande vidogo ligande upesi, lisije likaharibika."

Tatizo lilikuwa hapo, wala si kwa ng'ombe.

Napika nyama kwa riziki yangu, na lawama ninayoisikia kuliko zote ni kwamba nyama yetu ni ngumu. Sikubaliani nayo. Ng'ombe tunaokula Tanzania wengi ni zebu wa asili, wale wenye nundu, au wa aina ya Boran na machotara wake, waliokula majani maisha yao yote na kutembea mbali kila siku kufuata malisho na maji. Misuli iliyofanya kazi kiasi hicho ina ladha nzito, ina mafuta machache, na tishu inayoifunga imekomaa. Mafuta yake huwa na rangi ya manjano kwa sababu ya karotini ya majani. Nimeona wateja buchani wakiyakataa wakidhani nyama imelala; mimi ndiyo ninayoitafuta. Ninachokikwepa ni nyama iliyokolea weusi na kunata mkononi. Mara nyingi ng'ombe wake alichinjwa akiwa amechoka kwa safari, na nyama yake huharibika mapema.

Sasa turudi kwenye friza, maana hapo ndipo nyama nzuri nyingi zinapoharibiwa. Mnyama akichinjwa, misuli yake haitulii papo hapo. Bado ina akiba ya nguvu na inaendelea kuitumia kwa saa kadhaa. Akiba ikiisha, nyama inakakamaa. Kwa ng'ombe hali hiyo hukamilika ndani ya saa 24 hivi. Baada ya hapo vimeng'enya vya nyama yenyewe, yaani protini zake zinazovunjavunja nyuzi, huanza kuilegeza kidogo kidogo, siku baada ya siku, ndiyo maana wenye vyumba vya baridi huitundika wiki moja hadi mbili. Lakini ukiiwahi kwa baridi kali kabla haijamaliza kukakamaa, ikashuka chini ya nyuzijoto 10 mapema, misuli hujikunyata kwa nguvu na haijinyooshi tena. Kipande kidogo kisicho na mfupa ndicho kinachoumia zaidi, kwa kuwa kinapoa haraka na hakina kinachokizuia kusinyaa. Nilipofika kwa shangazi, bakuli alimoyeyushia nyama lilikuwa na maji mekundu karibu nusu, na vipande vimejikunja.

Kuna na jambo la saa. Machinjio mengi ya mijini huchinja usiku, alfajiri nyama iko buchani, mchana iko sufuriani. Maana yake tunaipika wakati ule ule imekakamaa, halafu tunamlaumu muuza bucha. Mimi nikinunua asubuhi, naomba kipande kikubwa, ikiwezekana na mfupa wake. Nakiweka kwenye friji, si friza, juu ya sahani, bila kukiosha, nimekifunika kwa karatasi, na nakipika siku ya tatu. Friji yenyewe iwe inapoza sawasawa, nyuzijoto 4 au chini. Kama umeme kwenu unakatika mara kwa mara, usijaribu. Ipike siku hiyo hiyo kwa njia ya taratibu.

Hiyo taratibu nayo ina maana yake. Muundi, shingo na kidari vimejaa kolajeni, ule utando mweupe unaovutika kama mpira. Kolajeni huanza kuyeyuka ikikaa muda mrefu kwenye nyuzijoto 70 na kuendelea, nayo ndiyo inayofanya mchuzi ushike midomo. Inachotaka ni muda. Kuongeza moto hakuiharakishi kiasi tunachodhani. Sufuria likitokota kwa fujo, nyuzi za nyama hukamua maji yake yote, ukabaki na nyama kavu ndani ya supu. Maji yachezecheze tu pembeni, kifuniko kimekaa, saa tatu kwa ng'ombe mkubwa. Chumvi tia mapema, hata usiku uliotangulia. Presha kuka inafaa. Ukizima, acha ipoe yenyewe, usiivue mvuke kwa pupa.

Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, ni habari nyingine kabisa. Haina utando wa kuyeyusha wala mafuta ya kuilinda, kwa hiyo kila dakika ya ziada inaikausha. Kikaango kiwe cha moto sana, nyama imefutwa maji, na kipimajoto kiwe karibu. Naitoa ikifika nyuzijoto 59 au 60 katikati, naiacha ipumzike dakika kumi, inapanda yenyewe hadi 63. Sishauri kwenda chini ya hapo, kwa sababu mnyoo wa tegu yupo kwenye ng'ombe wetu na nyama mbichi ndiyo njia yake.

Nyama ya paja, ile inayouzwa kama steki, naikatia mishkaki. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, kama unavyotazama mbao, kisha kisu kipite kuzikatisha. Papai bichi pia ni rafiki wa kweli: kijiko kimoja cha chai kilichotwangwa na ganda lake kwa kilo ya nyama, na tangawizi, saa moja tu. Kimeng'enya chake hufanya kazi kubwa nyama inapopata moto, kwa hiyo kuilaza usiku kucha kunakuachia ganda la uji juu na ugumu ule ule ndani. Na wapo wanaotumbukiza vidonge vya kutuliza maumivu sufuriani ili nyama iive upesi. Nawasihi waache. Dawa haina nafasi kwenye chakula cha watoto.

Nyama ya shangazi haikurudi ilivyokuwa. Nusu tuliiunganisha na muundi, ikakaa jikoni hadi magharibi; iliyobaki tukaisaga kima cha sambusa.

Idi iliyofuata alinipigia tena, safari hii mapema. "Paja lote liko chini kwenye friji, sijaligusa kwa kisu. Nilitoe lini?" Nikamwambia keshokutwa, na muundi uanze leo.