"Vyote Vimo Kwenye Flashi": Dhana Inayozika Miswada Yetu

Neno hili nimelisikia tena wiki iliyopita, safari hii kwa kijana aliyekuja na flashi mkononi. "Mwalimu, vyuo vya babu, vile vitabu vyake vya kale, vyote vimo humu." Nikamuuliza karatasi zenyewe ziko wapi. Akasema mchwa walishazila pembeni, basi baada ya kupiga picha wazee wakazizika kwa heshima, kama unavyozikwa msahafu uliochakaa. Nia yao ilikuwa njema. Lakini nilipozifungua zile picha niliona kwamba sehemu kubwa ya urithi ule imezikwa pia.

Katika kazi hii ya kutunza miswada, yaani vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, hakuna dhana inayonichosha kama hii: kwamba kitabu kikishaskaniwa, chenyewe ni mzigo wa kabati, na kwamba maktaba za kesho hazitahitaji tena vyumba vya vitabu adimu.

Picha hubeba kile tu ambacho mpigaji alikiona kina maana. Kijana yule alitumia programu ya simu inayogeuza kila kitu kuwa cheusi na cheupe. Wanakili wa mwambao walipenda wino mwekundu kwa vichwa vya habari na alama za kutenga maneno. Kwenye picha zake wino huo umefifia, na mahali pengine haupo kabisa. Kurasa tupu za mwanzo na mwisho aliziruka. Huko ndiko familia nyingi huandika tarehe za kuzaliwa na za kufa, na ndiko yanakokaa maneno ya wakfu: nani alikitoa kitabu, na kwa msikiti upi.

Karatasi nayo ni ushahidi. Karatasi nyingi za miswada ya Kiislamu barani Afrika katika karne ya 18 na ya 19 zilitengenezwa Italia. Ukiuinua ukurasa penye mwanga, mara nyingi utaona alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi yenyewe: hilali tatu zinazofuatana, kila moja ndogo kuliko mwenzake. Kwa alama hizo mtafiti huweza kukadiria umri wa mswada usio na tarehe. Picha ya simu iliyopigwa kutoka juu haizionyeshi, na aliyezika karatasi hana tena cha kuinua.

Halafu watu huamini kwamba kilichomo kwenye kompyuta hakipotei. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na makusanyo yake ya kidijitali yakawa hayafikiki kwa miezi. Maktaba hiyo ndiyo yenye mpango uliogharimia kupiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Mpango huo una sharti moja ninalolipenda sana: karatasi za asili hazitoki nchini mwake.

Sisemi msiskani. Skanini, tena kwa rangi, pamoja na majalada, pambizo na kurasa tupu. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa vitabu na filamu za Afrika ikaungua. Siku kama hiyo nakala ndiyo inayobaki. Lakini nakala ni ya kulinda asili, haikuwekwa kuirithi.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Glavu nyeupe za pamba: acheni. Zinafanya vidole viwe vizito na kurasa zinachanika. Nawa mikono, kausha vizuri, shika. Glavu ni za picha za kale na vitu vya chuma. Selotepu ni adui: gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi, na mimi hutumia siku nzima kuiondoa kwenye ukurasa mmoja. Kitabu chenye ukungu hakianikwi juani, maana jua hufifisha wino na kukunja jalada. Kiweke kivulini penye feni, na kabati lisiguse ukuta. Kikiwa na wadudu, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kiweke friza wiki mbili, kisha usifungue mpaka ubaridi uishe.

Wapo pia wanaotupa karatasi za wazee kwa kuamini kwamba Kiswahili hakikuandikwa kabla ya wamisionari. Kuna barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711. Leo zimehifadhiwa Goa, India, na zinasomeka kwa sababu karatasi zake zilitunzwa.

Kijana yule ameniambia kwamba kwa shangazi yake kuna sanduku jingine, halijafunguliwa tangu mzee afariki. Nimemsihi asianike kitu, asigundishe, asipige hata picha moja, mpaka nifike.