Kupima viuatilifu ziwani: chupa moja ya maji haitoshi

Maabara ikikuandikia "haikugunduliwa", tazama kwanza kikomo cha mashine yake, yaani kiasi kidogo kabisa inachoweza kukiona. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja katika lita ya maji ya kunywa. Lakini piretroidi, kundi la dawa za wadudu, huua wadudu na kamba wadogo wa majini kwa kiwango cha nanogramu (sehemu ya elfu ya mikrogramu), chini kabisa ya hapo. Mashine inayoishia mikrogramu 0.05 haitakuambia lolote kuhusu viumbe hao.

Halafu kuna suala la mahali dawa ilipokwenda. Atrazini, dawa ya magugu, huyeyuka, hivyo hutafutwa majini. DDT na jamii yake hukimbia maji, huganda kwenye chembe za tope na kwenye mafuta ya viumbe. Ziwa Clear Lake la California lilitiwa DDD, ndugu ya DDT, mwaka 1949, 1954 na 1957 ili kuua visubi. Mara ya kwanza ilikuwa sehemu moja kwa milioni 70 za maji. Muda mfupi baada ya dozi ya mwisho, maji hayakuonyesha kitu. Mafuta ya vibisi (ndege wa majini) waliokufa yalikuwa na sehemu 1,600 kwa milioni.

Kwa maji, tumia chupa ya kioo ya kahawia ya lita moja, iliyosuuzwa kwa asetoni. Plastiki hufyonza dawa nyingi, nawe utapata namba ndogo ya uongo. Glifosati, dawa ya magugu, ni kinyume: hung'ang'ania kioo, kwa hiyo yenyewe iwekwe kwenye plastiki, na iombewe kipimo chake, kwa kuwa kipimo cha dawa nyingi kwa pamoja hakiioni. Zamisha chupa sentimita 30 bila kukoroga tope, iweke gizani kwenye nyuzi 4, ifike maabara mapema ili dawa itenganishwe na maji ndani ya siku 7. Nenda baada ya mvua kubwa ya kwanza kufuatia unyunyiziaji. Ratiba ya mara moja kwa mwezi hukosa kilele cha dawa, hasa mdomoni mwa mto.

Beba pia chupa ya maji safi ya maabara, uifungue palepale ziwani. Ikionyesha dawa, uchafu umetoka kwenu. (Aliyejipaka dawa ya mbu asiguse vifuniko.)

Tope ndilo ninalolipa uzito zaidi. Chota sentimita 2 za juu, kwenye kina ambako tope laini hutulia. Mchanga wa ufukweni haushiki kitu. Agiza na kipimo cha kaboni ogania (itokanayo na mabaki ya viumbe), maana tope lenye kaboni nyingi hubeba dawa nyingi zaidi, na bila namba hiyo vituo viwili havilinganishiki.