Harvard hakuna shahada ya kwanza ya biashara

Imani ya siku nyingi husema hivi: anayetaka kusomea biashara Marekani aende Harvard au Yale, fasihi na falsafa ni za vyuo vya kawaida. Mambo yako karibu kinyume.

Kwa nchi nzima, biashara ndiyo inayoongoza katika shahada za kwanza, karibu mhitimu 1 kati ya 5. Kozi za afya, uuguzi ukiwemo, zinafuata. Nguvu ya biashara iko kwenye vyuo visivyochuja sana waombaji, ambako wengi husoma huku wakifanya kazi na wanataka cheti chenye jina la kazi.

Harvard, Yale na Princeton hazina kabisa shahada ya kwanza ya biashara. Shule ya biashara ya Harvard, iliyoanzishwa 1908, ni ya wenye shahada tayari. Nadhani hapo ndipo imani hiyo ilipozaliwa. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa vyuo hivyo vitatu wanaotaka fedha hujaa kwenye uchumi na sayansi ya kompyuta. Hata wa historia hana hofu sana: jina la chuo linamtangulia kwenye usaili. Kati ya vyuo vikubwa vinavyovunja utaratibu huu kimo Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chenye Wharton, shule ya biashara inayotoa hata shahada ya kwanza.