NDVI ni nini, na kwa nini kijani sio chakula cha nyumbu

Mtu akikwambia anasoma masta ya wanyamapori halafu unamkuta siku nzima kwenye laptopu, usimcheke, huenda anapima majani ya Serengeti akiwa kakaa zake kantini Morogoro. Hiyo ndo rimoti sensingi, yaani unajua hali ya ardhi bila kuigusa, kwa kusoma mwanga unaorudi juu mpaka kwenye setilaiti.

Kipimo utakachokisikia sana ni NDVI, yaani namba ya kuonyesha mimea ya kijani ni mingi kiasi gani, herufi zisikutishe. Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu, ndo linapikia chakula chake, ila mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni linaurudisha kwa wingi. Kwa hiyo unachukua infraredi unatoa nyekundu, jibu unaligawanya kwa jumla ya zote mbili. Mfano infraredi 0.40, nyekundu 0.10: unagawa 0.30 kwa 0.50 unapata 0.6, hapo majani yapo ya kutosha. Udongo mtupu unabaki huko kwenye 0.1, maji mara nyingi yako chini ya sifuri. Kompyuta inarudia hesabu hiyo kila pikseli, yaani kila kijiraba cha picha, na pikseli ya setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30, za Sentinel-2 mita 10 kwa 10. Picha zenyewe bure, za Landsat tangu 2008, wewe pambana na bando tu, na mawingu, maana masika unaweza kushusha picha tano zote pamba tupu.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa, wanadhani penye kijani kingi ndo penye chakula kizuri. Nyumbu wanazalia kusini mwa Serengeti, nyika za Ndutu, kati ya Januari na Machi, kwenye nyasi fupi tu, kumbe wamefuata kalsiamu na fosforasi ya udongo wa majivu ya volkano, na setilaiti haionji. Au nenda Baringo kule Kenya, mathenge, mti wa miiba uliovamia malisho, iko kijani hata kiangazi, kwenye ramani unasema malisho si haya, kumbe miiba mitupu na nyasi chini yake zimekufa.

Ndo maana supavaiza anakutuma fildi na GPS, unasimama ndani ya pikseli yako, unaweka fremu ya mita 1 kwa mita 1, unaangalia nyasi gani, zimeliwa au bado, kinyesi cha nani. Ukirudi ndo unaiambia kompyuta 0.6 ya hapa ilikuwa nyasi, na 0.6 ya pale ilikuwa kichaka kilichokuchania suruali.